Mada: Chakula cha mchana kutoka nyumbani – okoa pesa bila kuumiza tumbo

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo nitazungumza nawe juu ya kitu ambacho huenda umekiacha mezani asubuhi hii ukikimbilia matatu: mkebe wa chakula cha mchana.

Huenda unajiuliza, muuguzi ana shughuli gani na mkebe wa chakula? Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba pesa inayookolewa kwenye chakula cha mchana ndiyo hununua dawa, hulipa bima ya afya na humnunulia mtoto viatu. Ya pili ni kwamba chakula kilekile kilichopikwa kwa mapenzi saa kumi na mbili asubuhi kinaweza kumfanya mtoto ahare na kutapika saa nane mchana, ikiwa kimefungwa vibaya. Pesa uliyookoa wiki nzima ikaishia zahanati siku moja.

Kwa hivyo leo tutajifunza mambo mawili kwa pamoja: jinsi ya kuokoa pesa, na jinsi ya kukifikisha chakula mchana kikiwa bado salama. Chukua kalamu na karatasi ikiwa uko nazo karibu.

KWANZA, TUPIGE HESABU

Watu wengi hawajui wanatumia pesa ngapi kwa chakula cha mchana kwa sababu pesa hiyo hutoka kidogo kidogo. Shilingi hamsini leo, mia kesho. Hebu tuchukue mfano. Bei zangu si lazima ziwe za mtaa wako, kwa hivyo weka zako mahali pa zangu.

Tuseme baba anafanya kazi ya mjengo siku 26 kwa mwezi na anakula kibandani kwa shilingi 120. Hiyo ni shilingi 3,120. Watoto wawili wanapewa shilingi 50 kila mmoja kwa siku 20 za shule. Hiyo ni shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 5,120 kwa mwezi, na bado hujanunua chakula cha jioni.

Sasa tuseme mama anapika asubuhi chakula cha wote watatu. Mchele, ndengu, mboga, mafuta na makaa vinagharimu shilingi 120 kwa siku. Kwa siku 20 hiyo ni shilingi 2,400. Siku sita ambazo watoto hawaendi shule anampikia baba peke yake kwa shilingi 50, yaani shilingi 300. Jumla ni shilingi 2,700. Familia imebaki na shilingi 2,420. Ikinunua vyombo vitatu vizuri kwa shilingi 1,500, mwezi wa kwanza itabaki na shilingi 920, na kuanzia mwezi wa pili itabaki na zile 2,420 zote.

Umeona nimehesabu makaa na vyombo? Usivisahau. Mtu asiyehesabu makaa hujidanganya.

Na kuna jambo jingine ni lazima nikuambie ukweli wake. Si kila chakula cha kubeba huokoa pesa. Ukimfungia mtoto soseji, mkate wa duka, juisi ya pakiti na krispi, utatumia pesa nyingi kuliko kibandani, na mtoto atarudi na njaa. Mama wa kibanda hupika sufuria kubwa, hununua maharagwe kwa gunia, na kwa hivyo anaweza kukuuzia githeri kwa bei ambayo wewe peke yako huwezi kuifikia. Unaokoa pale tu chakula cha mchana kinapotoka kwenye vyakula vyako vya kawaida: nafaka, jamii ya kunde, viazi, mboga na matunda ya msimu.

Pia uliza shuleni kwanza. Shule nyingine zina mpango wa chakula. Katika Kaunti ya Nairobi, kwa mfano, mpango wa Dishi na County ulianza mwaka 2023, na mzazi hulipa shilingi 5 tu kwa mlo mmoja. Ikiwa shule ya mtoto wako ina chakula moto cha bei kama hiyo, kilichopikwa mahali safi, usihangaike na mkebe. Shughulikia wa baba na wako.

Na ikiwa umezoea kuokoa pesa kwa kutokula kabisa mchana, hiyo si akiba. Mama mjamzito, mtu anayetumia dawa za kisukari, mtu anayetibiwa kifua kikuu, na kijana anayekua, wote hawa hawafai kukaa na tumbo tupu hadi jioni. Mgonjwa wa kisukari anayedungwa insulini anaweza kutetemeka, kutokwa na jasho na hata kuzirai akiruka mlo. Mkebe kwake ni sehemu ya matibabu.

KWA NINI CHAKULA KIZURI HUMGEUKA MTU?

Msikilizaji, hapa ndipo mahali muhimu zaidi katika mazungumzo yetu. Sikiliza kwa makini.

Kuna viini vidogo sana, bakteria, ambavyo huwezi kuviona kwa macho. Viko mikononi, puani, kwenye udongo, na hata kwenye mchele mkavu ulio dukani. Viini hivi hupenda vitu vitatu: chakula, unyevu na uvuguvugu. Chakula kilichopoa nusu ndani ya mkebe kina vitu hivyo vyote vitatu.

Joto ambalo viini huzaana ni kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Chini ya hapo, yaani ndani ya friji, huzaana polepole. Juu ya hapo haviwezi kuzaana. Katikati yake ndipo kuna hatari. Katika joto linalovifaa, kiini kimoja kinaweza kugawanyika kuwa viwili kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu: kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, vinne vinakuwa vinane. Baada ya masaa sita, kile kimoja kimekuwa zaidi ya laki mbili na nusu. Na mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi hula karibu saa saba kasorobo mchana. Ni zaidi ya masaa sita.

Wengine husema, "Mimi huwa ninapasha moto, viini vyote hufa." Ni kweli kwamba moto huua viini vingi. Lakini viini vingine vikishazaana hutoa sumu, na sumu nyingine haivunjwi na moto. Kuna bakteria wanaokaa kwenye vidonda vya mikono na puani. Wakiingia kwenye chakula na kukaa kwa masaa mengi, sumu yao hubaki hata ukichemsha. Kuna wengine wanaokaa kwenye mchele. Hawa hujikunja kama mbegu ngumu wakati wa kupika, hawafi, kisha wali ukipoa polepole huamka na kuanza kuzaana. Ndiyo maana wali wa jana uliolala kwenye sufuria unaweza kumtapisha mtu hata ukipashwa moto sawasawa.

Kwa hivyo sheria ni hii: chakula kilichopikwa chenye majimaji kisikae zaidi ya masaa mawili kwenye joto la kawaida la nyumba. Ama kibaki moto wa kuunguza ulimi, ama kiwekwe kwenye baridi ya friji. Na usitegemee pua. Chakula kinaweza kuwa na viini vya kutosha kukulaza kitandani na bado kinukie vizuri.

(MUZIKI MFUPI)

NYUMBA ISIYO NA FRIJI

Karibu tena. Najua unachofikiria sasa. "Muuguzi, chakula cha bei nafuu zaidi ni kile kilichobaki jioni. Mimi sina friji. Nifanye nini?"

Swali hilo ni zuri, na jibu lake ni hili: usilaze chakula, laza kazi. Yaani, ile kazi inayochukua muda ifanye jioni, lakini moto wa chakula cha mchana uwe wa asubuhi.

Jioni chagua ndengu na uondoe mawe. Zioshe na uziloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, na zitaiva haraka na kula makaa kidogo. Chagua mchele. Osha sukuma wiki, lakini uikate asubuhi. Pika chapati jioni, uziache zipoe kabisa kabla ya kuzifunika, kwa sababu ukifunika zikiwa moto zitatoa jasho na kuota ukungu. Osha viazi vitamu uviache bila kumenya. Weka vyombo tayari mezani.

Asubuhi tumia vyakula vinavyoiva upesi. Ndengu na kamande zilizolowekwa huiva mapema kuliko maharagwe. Omena iliyochambuliwa na kukaangwa ikauka huiva kwa dakika chache. Maharagwe na githeri huhitaji muda na makaa mengi, kwa hivyo viache kwa chakula cha jioni, isipokuwa una friji.

Mkiwa majirani watatu au wanne katika ploti moja, mnaweza kufanya kama chama. Leo apike huyu, kesho yule, kila mmoja alete kipimo chake. Makaa yanayochemsha sufuria ndogo nne ni mengi kuliko yale ya sufuria moja kubwa. Hapo mtakuwa mmemshinda hata mama wa kibanda kwa hesabu.

Wengine hutumia kapu la kuhifadhi joto, lile lililojazwa vitambaa na kufunikwa kwa mto. Ni zuri. Chemsha ndengu, ziweke humo zikiwa bado zinatokota, zitaendelea kuiva huku ukiwaandaa watoto. Lakini usilitumie kulaza chakula hadi asubuhi, kwani joto hushuka kidogo kidogo. Na ukiweka maharagwe mekundu humo, ni lazima kwanza uyaloweke, umwage maji, kisha uyachemshe kwa moto mkali kwa dakika 10 au zaidi. Maharagwe mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu yake ya asili ambayo hutapisha mtu ndani ya masaa machache.

Na tafadhali, tafadhali sana: usiache jiko la makaa likiwaka ndani ya nyumba mnamolala eti chakula kisipoe. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Familia hulala isiamke. Hakuna chakula chenye thamani hiyo.

Mwenye friji naye ana sheria zake. Chakula kilichobaki jioni kiweke frijini kabla ya masaa mawili kwisha, kwenye chombo kipana kisicho na kina ili kipoe upesi. Asubuhi kichemshe mpaka kitokote, katikati pia, si pembeni tu. Kichemshe mara moja tu. Kikirudi jioni bila kuliwa, kimwage. Najua inauma.

VYOMBO NA JINSI YA KUFUNGA

Kuna njia mbili za kubeba chakula salama. Njia ya kwanza ni ya moto, na njia ya pili ni ya kavu.

Njia ya moto inahitaji hotpoti ndogo au themosi ya chakula yenye mdomo mpana. Fanya hivi:

1. Chemsha maji, yamimine ndani ya chombo, kifunike kwa dakika tano. Chombo baridi huiba joto la chakula.
2. Mwaga maji hayo na uweke chakula papo hapo, kikiwa kinatoka motoni.
3. Jaza chombo mpaka karibu na mdomo. Chombo kikubwa chenye chakula kidogo hupoa haraka.
4. Funga vizuri na umwambie mtoto asifungue mpaka wakati wa kula.

Je, hotpoti yako inafaa? Usimuulize muuza duka, ijaribu mwenyewe. Siku ya Jumamosi pakia chakula saa kumi na mbili na nusu asubuhi, iache mezani, kisha uifungue saa saba kasorobo. Ikiwa mvuke unapanda na chakula kinakuchoma ulimi, inafaa. Ikiwa ni vuguvugu, haifai kwa safari ya masaa sita, hata kama ilikuwa ya bei ghali. Itumie kwa yule anayekula mapema, na wengine uwafungie chakula kikavu.

Njia ya kavu haihitaji chombo cha bei. Vyakula vinavyovumilia njia hii ni chapati, mandazi, viazi vitamu na nduma za kuchemsha asubuhi hiyo, njugu karanga za kukaanga, ndizi, chungwa, pera, na parachichi zima lisilokatwa. Matunda yafungwe mazima. Mtoto ayamenye mwenyewe baada ya kunawa mikono. Tunda lililokatwa asubuhi lihesabu kama chakula chenye majimaji.

Vyakula vya kuepuka mkebeni ni maziwa mabichi au yaliyochemshwa na kupoa, nyama ya mchuzi iliyopoa, mayai ya kukaanga, mukimo uliopoa, na mchuzi au wali wa nazi. Ndugu zetu wa Pwani wanajua jinsi nazi inavyochacha upesi kwenye joto la Mombasa. Ikiwa mtoto anataka maziwa, pakiti ya maziwa ya kukaa muda mrefu ambayo haijafunguliwa ni salama zaidi, na maziwa mala hustahimili kuliko maziwa ya kawaida.

Usitumie mkopo wa rangi, dawa ya mifugo au mafuta ya gari kuwa chombo cha chakula, hata ukiuosha mara kumi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na hata kabla ya hapo haikuwa mahali pa kuweka chakula cha moto. Karatasi ya gazeti nayo ina wino; funga chapati kwa kitambaa safi cha pamba kinachofuliwa kila siku.

Jioni chombo kioshwe siku hiyohiyo kwa sabuni, pamoja na ule mpira wa kifuniko ambao watu husahau. Kianikwe kichanjani kikiwa wazi mpaka kikauke. Mkebe uliofungwa ukiwa na unyevu ni shamba la viini.

MIKONO NA MAJI

Unaweza kufuata yote niliyosema na bado ukashindwa kwa sababu ya mikono. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kupika na kabla ya kupakia. Ukiwa na kidonda au jipu kidoleni, mwache mwingine apakie, au ukifunge vizuri. Usipakie chapati kwa mikono mitupu ukiwa na mafua.

Mtoto naye anawe kabla ya kula. Shule isiyo na bomba inaweza kutengeneza kibuyu chirizi: chupa iliyotobolewa tundu dogo, ikajazwa maji na kutundikwa, na kipande cha sabuni kando. Wazazi mnaweza kuvitengeneza kwa siku moja.

Maji ya kunywa yabebwe kutoka nyumbani yakiwa yamechemshwa au kutiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Tulishuhudia kipindupindu kikianza Oktoba 2022 na kuendelea hadi mwaka uliofuata katika kaunti nyingi. Chakula safi kikisindikizwa na maji machafu ni kazi bure.

LISHE NDANI YA MKEBE

Mkebe mzuri una vitu vitatu: cha kutia nguvu, cha kujenga mwili, na cha kulinda mwili. Wali ni wa kutia nguvu, ndengu za kujenga, sukuma na chungwa za kulinda. Chungwa lina kazi nyingine pia. Vitamini C iliyomo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye ndengu na mboga. Wasichana waliovunja ungo huhitaji madini haya sana kwa sababu ya damu wanayopoteza kila mwezi. Chai ya rangi au ya maziwa pamoja na chakula huzuia madini hayo, kwa hivyo ingoje angalau saa moja baada ya kula.

Huu hapa mfano wa wiki moja kwa nyumba isiyo na friji:

Jumatatu: wali, ndengu na sukuma, ndani ya hotpoti, chungwa.
Jumanne: chapati kavu, kamande ndani ya hotpoti, ndizi.
Jumatano: viazi vitamu, njugu karanga, parachichi zima. Siku ya kupumzisha makaa.
Alhamisi: ugali wa moto uliofunikwa kwa kitambaa safi ndani ya hotpoti, omena kavu na kabichi, pera.
Ijumaa: matoke na ndengu ndani ya hotpoti, embe zima likiwa la msimu.

Unaponunua mahindi na njugu, angalia ukungu. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota ukungu yaliwaletea watu sumu ya aflatoksini, hasa Makueni na Kitui. Wagonjwa 317 waliandikwa na 125 kati yao wakafariki. Kupika hakuondoi sumu hii. Punje iliyobadilika rangi, iliyokunjamana au inayonuka uvundo haifai kuliwa, wala kupewa ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hupita kwenye maziwa.

AIBU YA MKEBE

Kuna wanaume wanaosema hawawezi kuonekana na mkebe kama mtoto wa nasari. Kuna watoto wanaorudisha nduma nyumbani kwa sababu mwenzao alileta chipsi. Usimchape mtoto huyo. Muulize ni chakula gani ataona fahari kukifungua mbele ya wenzake, kisha mkubaliane: siku tatu chaguo lako, siku mbili chaguo lake. Mtoto aliyesaidia kuchagua hula. Nawe baba, mwanao akikuona umebeba wako, aibu yake itapungua.

Na akiba, usiiache mfukoni, itayeyuka. Kila jioni tenga ile pesa ambayo ingeenda kibandani, uiweke kwenye simu, chamani au kwenye kibubu. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya iko chini ya SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF. Kwa familia isiyo na mshahara mchango huanzia shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa wa mwaka kwa pamoja. Wengi hushindwa kwa sababu ya kulipa kwa pamoja. Akiba ya mkebe inaweza kuifikia.

IKIWA TUMBO LIMEKWISHA KUCHAFUKA

Mtoto akianza kuhara au kutapika, kinachoua mara nyingi ni kupoteza maji. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo, mara kwa mara. Ikiwa huna pakiti, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Usizidishe chumvi. Aendelee kula, na anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto wa chini ya miaka mitano apelekwe kituo cha afya apate pia tembe za zinki, na azimalize hata kuhara kukikoma.

Kimbia kituo cha afya bila kungoja ikiwa macho yamebonyea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, hakojoi, ana damu kwenye choo, anahara maji meupe kama ya mchele, au amelegea na haamki vizuri. Hata mtu mzima.

KUMBUKA

• Piga hesabu ya chakula chako cha mchana kwa mwezi, pamoja na makaa na vyombo.
• Usilaze chakula, laza kazi.
• Kibaki moto wa kuunguza au kiwe kikavu. Vuguvugu ni hatari.
• Jaribu hotpoti yako Jumamosi kabla ya kumwamini nayo mtoto.
• Mikono, maji na mpira wa kifuniko.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kila mmoja wetu anatumia pesa ngapi kwa mwezi kwa chakula cha mchana cha nyumba yake?
2. Ni vyakula gani vya msimu katika eneo letu vinavyoweza kubebwa vikiwa vikavu?
3. Je, shule yetu ina mahali pa kunawa mikono? Ikiwa haina, nani ataleta chupa na nani ataleta kamba, na siku gani?

Jaribu siku mbili wiki hii, kisha mwambie jirani umeokoa kiasi gani.